Nimefanya kazi, hela silipwi: naweza kupata hukumu bila kesi kuunguruma?

Barua za toleo hili karibu zote zimeangukia sehemu moja. Mtu kafanya kazi, kakabidhi, kashukuriwa na kapigwa picha, alafu hela haionekani. Nyingi zimetoka Kigoma, moja Tabora. Nimezifupisha na majina nimeyaacha, na hao wanaodaiwa nao siwataji maana upande wao hatujausikia.

SWALI: Mshauri habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Mwanga, Kigoma mjini, ila nachukua na tenda za semina, misiba na sherehe. Mwaka huu alikuja jamaa mwenye kampuni ya kutoa mafunzo kutoka Dar, akanipa kazi ya kulisha watu 120 kwa siku nne, chakula cha mchana sahani 8,500 na chai ya saa nne na vitafunwa 2,500 kwa kichwa. Hatukuandikiana mkataba, tulielewana kwa simu na meseji za WhatsApp, akanitumia advansi 1,500,000 kwa M-Pesa nikaanza kazi. Nimepika wali, ugali, migebuka, kuku, na hakuna aliyelalamika, siku ya mwisho wakaomba hadi mawese ya kubeba. Nilivyompelekea hesabu ya salio 3,780,000 akasema atalipa wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mwezi, saivi anasema watu walikuwa 100 tu na mimi nimemzidishia. Nilienda polisi wakaniambia hii ni madai, nenda mahakamani. Mwanangu yuko chuo kasoma kwenye simu kwamba Marekani na Uingereza kama ushahidi wako umenyooka jaji anakupa hukumu bila kuita mashahidi. Kigoma hiyo ipo? Maana mimi siwezi kufunga jiko miezi sita nashinda mahakamani.

JIBU: Mama shikamoo, na pole sana. Niseme kwanza polisi walikujibu sawa. Mtu kushindwa kulipa kazi aliyofanyiwa ni deni la mkataba, sio jinai, labda kuwe na udanganyifu wa kweli toka mwanzo, mfano kajiita jina la uongo. Watu wengi wanakimbilia kituoni ili jamaa aogope, na kuna wakati kweli anaogopa, ila asipoogopa umepoteza muda na yeye kashajua huna njia nyingine.

Sasa hilo la mwanao. Kijana hajakosea, kitu hicho kipo, wanasheria wa huku wanakiita samari, ni hukumu ya muhtasari. Marekani kwenye mahakama zao za shirikisho wana Kanuni ya 56, inasema kama hakuna ubishi wa kweli juu ya jambo lenye uzito kwenye kesi, na sheria iko upande wako, jaji anakata shauri kwenye karatasi tu. Uingereza ni Sehemu ya 24 ya kanuni zao za madai, wao wanauliza kama upande wa pili ana tumaini la kweli la kushinda, na kama kuna sababu nyingine nzito ya kesi kusikilizwa. Hata jirani zetu Kenya wana Amri ya 36 kwenye kanuni zao za 2010, unayedai kiasi kinachojulikana unaweza kuomba hukumu pale mdaiwa amejitokeza mahakamani ila hajaleta utetezi.

Ila hata huko Marekani, deni lako wewe lisingepita lote kwa njia hiyo, na hapa ndo watu wanapojidanganya. Mdaiwa akikaa tu akasema "sidaiwi" bila kitu, hiyo haimsaidii. Lakini akileta kiapo kwamba watu walikuwa 100, akaambatanisha na karatasi hata ya kubumba bumba, tayari kuna ubishi wa jambo lenye uzito, na jaji kazi yake pale sio kupima nani muongo, anaangalia tu kama kuna kitu cha kubishania, kikiwepo kesi inaenda kusikilizwa. Kwenye kazi za huduma hii ndo inawapata wengi, kwa sababu huduma ikishaliwa imeshaliwa. Gunia la dagaa unaweza kulirudisha kwenye mzani, sahani ya jana huwezi.

Hapa kwetu njia hiyo ni nyembamba zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ina Amri ya 35 ambayo ndo samari yetu, na imetaja madai ya aina gani yanaingia: ya hundi na hati za ahadi ya malipo, ya rehani, ya kodi ya mapato, ya bili za umeme za TANESCO, madeni ya serikali na serikali za mitaa, na mengine machache. Deni la kupika, kufyatua matofali, kupaka rangi, kufundisha tuisheni, halimo. Kwahiyo jibu fupi ni kwamba kwa deni lako jinsi lilivyo leo, samari hakuna. Naona ni upungufu, TANESCO kukudai wewe umeme wana njia ya mkato na wewe kudai wali uliopikia huo umeme huna, ila ndo sheria ilivyo.

Sasa usikate tamaa maana njia yako ya kawaida sio ndefu kama unavyoiogopa. Deni lako ni 3,780,000. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madeni ya mkataba mpaka shilingi milioni 30, kwahiyo uko ndani kabisa. Pale huhitaji wakili, unaongea Kiswahili chako, hakimu anakuuliza mwenyewe, na huhitaji kuandika hati ya kurasa kumi. Na kama jamaa karudi Dar hilo lisikutishe, kazi ilifanyika Kigoma, unafungua Kigoma, yeye ndo apande treni au atume mtu.

Kuhusu mkataba wa maandishi, achana na wanaokwambia huna kesi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua mkataba wa mdomo, na hata wangesema hakukuwa na mkataba wowote sheria hiyo hiyo inasema mtu akikufanyia kitu kihalali bila nia ya kukupa bure, na wewe ukafaidika nacho, unatakiwa umlipe. Watu wamekula siku nne na mawese wakabeba.

Vita yako ni moja tu, watu 120 au 100. Na hapa nakupa kitu ambacho nadhani jamaa hajakifikiria. Semina zote za namna ile washiriki wanasaini karatasi ya mahudhurio, na wanasaini tena karatasi ya posho na nauli. Hakuna mtu wa semina anayeacha kusaini posho. Kama kampuni yake imelipa posho watu 120, basi midomo ilikuwa 120, na hiyo karatasi anayo yeye maana bila hiyo na yeye hawezi kujieleza kwa aliyemfadhili. Mwombe hakimu aamuru iletwe. Akigoma kuileta hakimu naye ana akili, ataelewa. Alafu tafuta washiriki wawili watatu, wale wa vikundi vya Kibirizi na Katonga unawajua, na mtu mmoja aliyekuwa anagawa sahani. Risiti za mchele na kuku nazo beba, mtu anayepikia 100 hanunui mchele wa 120 siku nne mfululizo kwa kujifurahisha.

Meseji zako za WhatsApp zinakubalika. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu haukataliwi kuwa ushahidi eti kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kitakachoangaliwa ni kama unaaminika, umetoka wapi, umetunzwaje, na anayedaiwa kuutuma ni nani. Kwahiyo usifute kitu, hata zile meseji ulizomtukana, ukifuta zako akaleta yeye utaonekana mficha mambo. Skrinshoti zioneshe namba yake na tarehe, na simu yenyewe nenda nayo siku ya kesi. Taarifa ya M-Pesa ya ile 1,500,000 iombe kwa maandishi, advansi ndo inayoonesha kwamba kazi ilikuwepo na bei ilikuwa inajulikana.

Sasa kuna kitu kinakaribia ile samari unayoitamani. Jamaa anaposema watu walikuwa 100 anadhani anajitetea, kumbe amekiri. Piga hesabu: sahani 100 mara siku nne mara 8,500 ni 3,400,000, chai 100 mara nne mara 2,500 ni 1,000,000, jumla 4,400,000, toa advansi inabaki 2,900,000. Hiyo kwa mdomo wake mwenyewe anadaiwa. Kinachobaki cha kubishania ni 880,000 tu. Kwenye mahakama za wilaya kwenda juu, Amri ya 12 ya ile Sura ya 33 inaruhusu uombe hukumu kwa kile kilichokiriwa bila kusubiri kingine kiishe. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake yenyewe, ila mdaiwa akikiri mbele ya hakimu hapo hapo hukumu inaandikwa kwa kile alichokiri. Kwahiyo kabla hujafungua kesi mwandikie notisi ya madai, siku 14, weka mchanganuo wote, na mwishoni mwambie aeleze kwa maandishi ni kiasi gani anakubali na kipi anakataa na kwanini. Usimtishe wala usiandike mambo ya Mungu atakulipa. Watu wa namna hii wakiandikiwa kistaarabu wanajibu, na jibu lolote watakalotoa linakusaidia.

La mwisho kwako mama, hakikisha unamshtaki anayestahili. Angalia ulielewana na nani, yeye binafsi au kampuni. Kama ni kampuni ina utu wake kisheria, unaishtaki kwa jina lake kamili lilivyo BRELA, wale wanaosajili makampuni na majina ya biashara, sio jina la kwenye fulana. Kama ni jina la biashara tu halina utu, unamshtaki mwenye nalo. Kesi nyingi nzuri zinafia hapa, mtu anashinda alafu anakuta hukumu ni dhidi ya jina ambalo halipo.

SWALI: Mimi fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Nilishusha injini ya boti ya mizigo inayoenda Kalemie, nikabadilisha pistoni, ringi, nozeli na pampu, kazi pamoja na spea 6,200,000. Mwenye boti akanipa hundi ya kuchukulia mwezi unaofuata, tarehe ikafika nikapeleka benki ikarudi hakuna hela. Boti inafanya safari kila wiki mimi naiona. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, wewe ndo mwenye bahati kwenye toleo hili japo hujui. Yule mama hapo juu ana deni la huduma, wewe ulikuwa na deni la huduma mpaka siku jamaa alipoandika hundi, baada ya hapo una hundi, na hundi imo kwenye Amri ya 35.

Inavyokwenda ni hivi. Unafungua kwenye Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, sio Mwanzo, maana Mwanzo haitumii Sura ya 33. Hati ya madai inatakiwa ioneshe wazi kwamba imeletwa chini ya Amri ya 35. Mdaiwa anapata samansi ya aina yake, na hapa ndo utamu ulipo, haruhusiwi kuja tu na utetezi kama kesi nyingine. Anatakiwa kwanza aombe ruhusa ya kujitetea, kwa kiapo, aeleze ana hoja gani ya kweli. Asipoomba au akinyimwa, madai yako yanachukuliwa kuwa amekubali na wewe unapewa hukumu na tuzo, yaani amri rasmi ya mahakama ya unachotakiwa kulipwa. Hiyo ndo samari yenyewe aliyoisoma mtoto wa yule mama.

Usijisahau lakini. Ataomba ruhusa, na atakachosema nakijua hata sijamuona, atasema injini iliharibika tena katikati ya ziwa, kwahiyo hundi aliizuia kwa sababu kazi haikufanyika. Kiapo chake kikionesha kitu cha maana mahakama itampa ruhusa, pengine kwa masharti kama kuweka hela mahakamani kwanza au dhamana, na kesi itaendelea kawaida. Kwahiyo jiandae na hilo toka sasa. Una video ya siku mliyoiwasha majini? Nani alikuwepo kwenye majaribio? Spea za zamani ulimkabidhi au umezitupa? Mafundi wengi mnatupa, na ile pistoni iliyokwaruzika ndo ingesema kwanini ulibadilisha. Na hilo ulilolisema kwamba boti inasafiri kila wiki ni kubwa kuliko unavyofikiri, boti yenye injini mbovu haiendi Kalemie na kurudi na mzigo, kumbukumbu za kutoka na kuingia zipo na mabaharia wapo.

Tunza hundi yenyewe na ile karatasi ya benki inayosema imerudi kwa sababu gani, usimrudishie hata akikuomba akubadilishie nyingine, unless... hapana, nisiweke unless, usimrudishie mpaka hela iwe mkononi. Mwandikie haraka kumjulisha kwamba imekataliwa. Na kwa hii tafuta wakili wa kuandaa hati tu hata kama hutamlipa aende na wewe mpaka mwisho, samari ikikosewa fomu inatupwa na unaanza upya.

Kwa mafundi wengine mnaosoma hii na hamna hundi. Mteja akishaanza zile za nipe muda, mpe muda, ila abadilishane na karatasi. Hati ya ahadi ya malipo inaandikika hata kwenye daftari: "Mimi fulani naahidi kumlipa fulani au atakayemwelekeza shilingi 6,200,000 tarehe fulani", sahihi, basi. Ahadi isiwe na masharti. Akiandika "nitalipa mzigo wa Congo ukirudi" au "nikipata hela" hiyo sio hati ya ahadi, maana mzigo unaweza usirudi, itakusaidia tu kama ushahidi wa kukiri deni. Kiasi kiwe namba inayojulikana, tarehe iwe inajulikana au iandikwe kwamba atalipa siku utakapodai. Na iulizieni TRA ushuru wa stempu, hati isiyokuwa na stempu mahakamani inaleta kelele. Mteja muungwana hatagoma kusaini, na anayegoma kusaini deni analokubali kwa mdomo ameshakujibu.

SWALI: Mwangaluka mshauri. Niko Tabora, kikundi chetu tulipewa kazi ya usafi na halmashauri moja ya mkoa huu, tumefanya miezi saba tumelipwa minne. Tuna LPO, ile oda ya manunuzi ya halmashauri, na barua. Tunaweza tumia hiyo samari ya madeni ya serikali za mitaa?

JIBU: Mwangaluka ndugu yangu. Umesoma vizuri ila umeisoma kwa upande wako. Kipengele kile ni cha halmashauri kukudai wewe, sio wewe kuidai halmashauri. Ukiwa na deni la ushuru wao wanakuja kwa mkato, wao wakiwa na deni lako unapita barabara kuu, tena yenye matuta.

Matuta yenyewe ni haya. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka utoe notisi ya siku zisizopungua 90 kabla ya kushtaki, na toka marekebisho ya mwaka 2020 halmashauri, wakala na mashirika ya umma nao wamo humo. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima umuunganishe kwenye kesi, ukimuacha kesi inakufa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Nyie wa Tabora angalau Mahakama Kuu iko mjini hapo hapo, wenzenu wa Kigoma zamani walikuwa wanapanda treni kuja kwenu, mpaka nao walipopata masjala yao ya Mahakama Kuu.

Kwahiyo notisi itoeni sasa, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, iambatane na LPO, barua, na zile fomu za afisa afya kuthibitisha kazi za kila mwezi. Hizo fomu ndo roho ya dai lenu. Miezi mitatu ambayo hamjalipwa ilithibitishwa? Mara nyingi nikiuliza vikundi nakuta miezi ya mwanzo fomu zimejazwa vizuri, baadae afisa kahama, aliyekaimu hakusaini, na kikundi kikaendelea kufagia kwa imani. Kama ndivyo, tumieni hizi siku 90 kupata sahihi hizo, na kulisukuma deni liingie kwenye orodha ya madeni yaliyohakikiwa ili bajeti ilione. Nitashangaa mkifika mahakamani kabla ya kulipwa, notisi yenye viambatanisho kamili ikipita kwa mwanasheria wa halmashauri na mweka hazina huwa inaamsha watu.

SWALI: Niko Kasulu, nimeletewa samansi ya Mahakama ya Wilaya, jamaa wa muziki ananidai 9,000,000 za kufunga vyombo kwenye tamasha. Ukweli spika mbili zilikufa saa mbili usiku watu wakaanza kurusha chupa. Rafiki zangu wananiambia nisiende, bila mimi hakuna kesi. Wako sahihi?

JIBU: Hao marafiki usiwaite hata kwenye tamasha lijalo. Una siku 21 toka ulipopokea samansi kupeleka utetezi wako wa maandishi. Usipopeleka, mdai anaruhusiwa kuthibitisha dai lake upande mmoja, anasimama yeye peke yake na hakimu, hakuna wa kumuuliza kuhusu spika, na hukumu inatoka. Kuirudisha nyuma hukumu ya hivyo inawezekana ila lazima uwe na sababu ya maana ya kutofika, na "rafiki zangu waliniambia" sio sababu.

Peleka utetezi, na usiandike "nakana madai yote" ukaishia hapo. Sema spika ngapi, saa ngapi, nani alishuhudia, ulimpigia saa ngapi kumlalamikia, hasara yako kiasi gani. Hasara hiyo unaweza kuidai na wewe ndani ya kesi hiyo hiyo, au kuomba ipunguzwe kwenye bei. Na kama kuna sehemu ya hela unajua kabisa unadaiwa, mfano mpaka saa mbili muziki ulipigwa vizuri, kubali hiyo, kwenye hatua ya usuluhishi ndo utaeleweka haraka. Mtu anayekana kila kitu mpaka jukwaa alilosimama juu yake hakimu anamchoka mapema.

SWALI: Nilishinda kesi Mahakama ya Wilaya hapa Kigoma, 11,000,000 za usafirishaji mizigo, mwaka sasa unaisha jamaa hajalipa hata mia. Hukumu ninayo nimeilaminisha.

JIBU: Itoe kwenye laminesheni uifanyie kazi! Hukumu haitembei yenyewe, unatakiwa uombe kukazia. Nenda masjala na maombi ya utekelezaji, na useme unataka ikaziwe vipi, kukamata mali na kuuza kupitia dalali wa mahakama, kuzuia hela zake zilizoko benki au zilizoko kwa mtu ambaye yeye jamaa anamdai, au kifungo cha madai.

Kifungo watu wanakipenda sana kwa hasira, ila jua kwamba hela ya kumtunza mfungwa wa madai unaitoa wewe unayemdai, ukiacha kulipa anatoka. Unamdai milioni 11 alafu unamlisha. Mimi ningeanza na mali. Nyumba anayokaa na familia yake usiiguse, sheria inailinda, na vyombo vya kupikia, nguo, vitanda na zana za ufundi wake vile vile. Wewe angalia vinavyoingiza hela: gari la mzigo, fremu anazopangisha watu pale Mwandiga, hisa kwenye boti. Andika namba ya usajili ya gari, linalala wapi, jina lililoko kwenye kadi ni la nani, maana likiwa la shemeji yake shemeji atakuja na pingamizi na utakaa miezi mingine. Fremu nazo zina wapangaji, kodi wanayotakiwa kumlipa yeye unaweza kuomba mahakama iielekeze kwako.

Na riba usiisahau. Toka siku ya hukumu deni linabeba asilimia 7 kwa mwaka, au zaidi kidogo isiyozidi 12 kama mlikubaliana kwa maandishi, angalia tuzo yako imeandika ngapi. Kwa mwaka mzima asilimia 7 ya 11,000,000 ni 770,000, iweke kwenye fomu ya maombi, hakuna atakayekuwekea.